Disse au ha detto? Kuchagua kati ya nyakati zilizopita za Kiitaliano

Aliyeokota Kiitaliano chake kwa masikio, Malindi, Watamu au Kiwengwa, anaweza kuzungumza na wageni kutwa nzima asikutane na neno kama *nacque*, *tacquero* au *ebbe*. Akifungua riwaya au Biblia ya Kiitaliano, maneno ya namna hiyo yamejaa ukurasa. Vitenzi ni vilevile anavyovijua: *nascere*, *tacere*, *avere*. Kilichobadilika ni wakati. Katika mazungumzo, tukio lililopita husemwa kwa *passato prossimo* (*ha detto*, *è nato*). Katika simulizi ya maandishi huandikwa kwa *passato remoto* (*disse*, *nacque*). Kwa Kiswahili yote yanaweza kuwa "alisema" na "alizaliwa", na hapo ndipo mashaka yanapoanzia.

Majina yenyewe yanapotosha. *Prossimo* ni "ya karibu", *remoto* ni "ya mbali", basi mwanafunzi huanza kuhesabu siku: jana ni prossimo, mwaka jana ni remoto. Kuhesabu siku hakumfikishi mbali.

Tukio moja, nyakati mbili

Ushahidi mzuri uko kanisani. Kanuni ya Imani ya Nikea, inavyosaliwa kwa Kiitaliano, inasema: «morì e fu sepolto. Il terzo giorno è risuscitato, secondo le Scritture, è salito al cielo, siede alla destra del Padre». Kufa na kuzikwa kumewekwa kwenye passato remoto. Kufufuka na kupaa, kulikofuata muda mfupi tu baadaye, kumewekwa kwenye passato prossimo. Kama kigezo kingekuwa umbali wa miaka, vyote vingekuwa remoto, kwa maana vyote vina takriban miaka 2000. Kifo kimetajwa kama jambo lililokwisha na kufungwa, lakini ufufuko unamgusa anayesali sasa hivi, kwa sababu kwake aliyefufuka yu hai.

Sasa tazama Kanuni ya Imani ya Mitume, kwa matukio yaleyale: «il terzo giorno risuscitò da morte, salì al cielo». Hapa ni remoto tupu. Hakuna kanuni iliyokosea kati ya hizo mbili. Moja inasimulia mfululizo wa matukio kwa jicho la msimulizi, na nyingine inayavuta matukio mawili yaje hadi leo. Uchaguzi basi hutegemea mahali msemaji anaposimama. Ukilisimulia jambo kama lililofungwa, tumia remoto. Ukilisema kama jambo ambalo matokeo yake bado yako mikononi mwako, tumia prossimo.

Ndiyo maana mtu husema *mia nonna è nata nel 1940* bibi yake akiwa hai, lakini kitabu huandika *Dante nacque a Firenze nel 1265 e morì a Ravenna nel 1321*. Ndiyo maana pia unaweza kuandika *l'uomo ha inventato la scrittura migliaia di anni fa*, kwa prossimo, ingawa ni zamani mno: maandishi bado tunayatumia.

Je, -li-, -me- na -ka- vinasaidia?

Vinasaidia nusu ya njia, kisha vinaangusha.

Kiswahili cha kanuni hiyohiyo ya imani husema "akafa", "akazikwa", "akafufuka", "akapaa": mnyororo wa -ka-. Mtu akaona, basi -ka- ndiyo passato remoto. Kwa riwaya na hadithi ulinganisho huo unafanya kazi vizuri. *Entrò, si sedette, aprì la lettera e pianse* hutafsirika vyema kuwa "Aliingia, akaketi, akafungua barua, akalia". Mtafsiri anayeandika "aliingia, aliketi, alifungua, alilia" ameua mwendo wa simulizi.

Ila jaribu sentensi hii ya kawaida: "Leo asubuhi niliamka, nikanywa chai, nikaondoka." Kwa Kiitaliano cha kawaida ni *Stamattina mi sono svegliato, ho bevuto il tè e sono uscito*. Prossimo mwanzo hadi mwisho, japokuwa Kiswahili kimetumia -ka- mara mbili. -ka- inajali mfuatano tu. Haijali kama jambo limefungwa. Upande wa pili, remoto haihitaji mfuatano. *Dante amò Firenze, scrisse in volgare, morì in esilio* ni orodha ya mambo ya maisha, na ukiitafsiri "akaandika" baada ya "aliipenda" utaonyesha kana kwamba alimaliza kupenda ndipo akaanza kuandika. Hapo baki na -li-.

Na -me-? Hiyo ina mtego wake. "Amefika" ni *è arrivato*, sawa. Lakini "amekaa kuume kwa Baba" kwa Kiitaliano ni *siede*, wakati uliopo. Vivyo hivyo "nimechoka" ni *sono stanco*, "amelala" ni *dorme*, "amevaa koti" ni *porta una giacca*. Kila -me- inayoeleza hali ambayo mtu yumo sasa, usiipeleke moja kwa moja kwenye passato prossimo. *Ha dormito* humaanisha alilala na usingizi umekwisha.

Jedwali hili linaweka sentensi chache bega kwa bega:

| Kiswahili | Katika mazungumzo | Katika simulizi au historia |
|---|---|---|
| Jana nilimwona Pietro | Ieri ho visto Pietro | (barua ndani ya riwaya) Ieri vidi Pietro |
| Bado hajafika | Non è ancora arrivato | (alikuwa bado hajafika) Non era ancora arrivato |
| Hakufika kamwe | Non è mai arrivato | Non arrivò mai |
| Alikuwa akisoma nilipoingia | Leggeva quando sono entrato | Leggeva quando entrai |
| Aliishi Roma miaka kumi | Ha vissuto a Roma dieci anni | Visse a Roma dieci anni |

Mstari wa nne unastahili kutazamwa mara mbili: *leggeva* haibadiliki.

Imperfetto: wa tatu asiyeweza kuachwa

Kosa linaloonekana sana kwa wanaoanza kuandika kwa remoto ni kuigeuza kila kitu kuwa remoto. Simulizi ya Kiitaliano hutembea kwa miguu miwili: remoto husukuma matukio mbele, na *imperfetto* (*era*, *parlava*, *pioveva*) huweka mandhari, mazoea na mambo yaliyokuwa yakiendelea. Mwanzo wa Biblia ya Kiitaliano unaonyesha zamu hizo: *Dio creò* ni remoto, *la terra era informe e deserta*, *lo spirito di Dio aleggiava sulle acque* ni imperfetto, kisha *Dio disse*, remoto tena. Tafsiri ya Kiswahili ya Union ina "Roho ya Mungu ikatulia juu ya uso wa maji" pale Kiitaliano kinapoandika *aleggiava*. Huwezi basi kubadilisha -ka- kuwa remoto kwa mkasi.

Urefu wa muda nao si kigezo. Wengi hudhani jambo lililochukua miaka lazima liwe imperfetto. Hapana. Ukishataja muda wenye mwanzo na mwisho, unatumia remoto (au prossimo ukizungumza): *Augusto regnò per quarant'anni*. Ukisema *Augusto regnava*, msomaji anasubiri: alipokuwa akitawala, kikatokea nini?

Kwa vitenzi kadhaa tofauti hii hubadilisha maana kabisa, na hapa ndipo pa kutumia muda wako:

*Sapevo* ni "nilikuwa najua". *Seppi* ni "nilipata habari". *Conoscevo Anna* ni "nilikuwa namfahamu Anna". *Conobbi Anna* ni "nilikutana na Anna kwa mara ya kwanza". *Doveva partire* ni "alitakiwa kuondoka", na hatujui kama aliondoka. *Dovette partire* ni "ilimbidi aondoke", na aliondoka. *Volevo* ni kutaka tu. *Volli* ni kutaka kwa kushikilia hadi ukatenda. *Aveva paura* ni "alikuwa na hofu". *Ebbe paura* ni "alishikwa na hofu". Passato prossimo ya vitenzi hivi hufuata upande wa remoto: *ho saputo*, *ho conosciuto*, *ho dovuto*. Kwa hiyo ukikosea kati ya prossimo na remoto utasikika mgeni tu, lakini ukikosea kati ya imperfetto na hizo mbili umesema jambo lingine.

Maumbo: kila upande una gharama yake

Passato prossimo ni maneno mawili: *avere* au *essere* katika wakati uliopo, kisha participio, yaani umbo la kitenzi kama *mangiato* au *andato*. *Ho mangiato*, *sono andato*. Pale kisaidizi ni *essere*, participio hupatana na mtenda: *Maria è andata*, *le ragazze sono andate*. Kwa mtu aliyelelewa na ngeli, upatanisho huo hauogopeshi. Kinachosumbua ni kuchagua kisaidizi: *ho camminato* lakini *sono venuto*, *ho viaggiato* lakini *sono partito*.

Passato remoto ni neno moja, haina kisaidizi wala jinsia: *Maria andò*, *Pietro andò*. Vitenzi vya kanuni ni hivi:

| | parlare | credere | finire |
|---|---|---|---|
| io | parlai | credei, credetti | finii |
| tu | parlasti | credesti | finisti |
| lui, lei | parlò | credé, credette | finì |
| noi | parlammo | credemmo | finimmo |
| voi | parlaste | credeste | finiste |
| loro | parlarono | crederono, credettero | finirono |

Kati ya *credei* na *credetti*, la pili ndilo utakalokutana nalo zaidi. Lakini shina likiishia kwa t, kama *battere* au *potere*, chagua *battei*, *potei*. Mlundikano wa t unakera sikio la Kiitaliano.

Gharama iko kwenye vitenzi visivyofuata kanuni, na vingi ni vya *-ere*. Habari njema ni kwamba vinakiuka kwa utaratibu. Nafsi tatu tu ndizo zinazobadilika: io, lui/lei, loro. Nyingine tatu hufuata shina la kawaida. *Prendere*: presi, prendesti, prese, prendemmo, prendeste, presero. Kariri umbo la *io* peke yake. Ondoa *-i*, weka *-e* na *-ero*, umemaliza. Mkazo katika nafsi hizo tatu hukaa kwenye shina, kwa hiyo tamka PRE-se-ro, si pre-SE-ro.

Maumbo ya *io* yakipangwa kwa sauti hukaa kichwani upesi kuliko yakipangwa kwa alfabeti. Yapo ya s moja: *presi, misi, chiesi, chiusi, risposi, decisi, rimasi, persi, corsi*. Yapo ya s mbili: *dissi, lessi, scrissi, vissi, condussi*. Yapo yanayorudufu konsonanti: *venni, tenni, volli, caddi, bevvi, seppi, ruppi, ebbi, conobbi, crebbi*. Kuna kikundi kidogo cha -cqu-: *nacqui, piacqui, tacqui*. *Vidi* na *feci* yachukue kama yalivyo. Kwa *fare*, *dire* na *bere*, nafsi za kawaida hurudi kwenye mashina marefu: *facesti, dicesti, bevesti*.

Vinabaki vitatu ambavyo havina budi kukaririwa vyote. *Essere*: fui, fosti, fu, fummo, foste, furono. *Dare*: diedi, desti, diede, demmo, deste, diedero (pia detti, dette, dettero). *Stare*: stetti, stesti, stette, stemmo, steste, stettero. Maumbo *dasti* na *stasti* hayapo, ingawa mdomo utayataka. Kwa upande mwingine, *andare* na *morire*, vinavyosumbua sana katika wakati uliopo (*vado*, *muoio*), huku ni vipole: andai, andò, morii, morì.

Anayejifunza kwa ajili ya kusoma tu aanze na safu mbili, lui/lei na loro, kwa sababu simulizi nyingi huishi humo. Nafsi ya *io* ifuate kwa riwaya zinazosimuliwa na mhusika. *Tu* na *voi* zinaweza kungoja.

Mji gani, maandishi gani

Kaskazini mwa Italia, watu hawatumii passato remoto wakizungumza, ila kwa nadra. Lahaja nyingi za huko, kama za Piemonte, Lombardia na Veneto, ziliipoteza kabisa. Ukisema *ieri andai al mercato* mjini Milano, utaeleweka, lakini utasikika kama unasoma kitabu kwa sauti. Toscana bado hugawa remoto na prossimo kwa kigezo cha kufungwa au kutofungwa kwa jambo. Kusini kabisa, hasa Sicilia, remoto husikika hata kwa jambo la dakika hii: *Che dicesti?* anaweza kuulizwa mtu aliyenyamaza sasa hivi. Usidhani anayekuuliza hivyo anazungumzia enzi za babu yako.

Kwa mdomo, basi, hakuna haja ya kusitasita: passato prossimo inakubalika Italia nzima. Anayeongoza watalii au kufanya kazi hotelini hahitaji kutamka remoto hata mara moja, isipokuwa akisimulia historia ya jengo, pale *fu costruito* hukaa vizuri kuliko *è stato costruito*.

Padri, mtawa au mwanafunzi anayekwenda kusoma Roma ana hesabu nyingine. Vitabu vya historia ya Kanisa, maisha ya watakatifu na masomo ya Misa vimejaa remoto, na asipoitambua kwa jicho atafungua kamusi kila mstari, tena asipate kitu, kwa sababu kamusi huorodhesha *nascere*, si *nacque*. Huyo aitambue yote, aizungumze kidogo. Katika insha za darasani achague wakati mmoja wa kusimulia na asiuache njiani. Kuanza aya na *Francesco nacque ad Assisi* na kuimalizia na *poi è andato a Roma* ni kosa la mtindo ambalo mwalimu hulizungushia wino mwekundu hata kama kila umbo ni sahihi. Akiona remoto inamzidi, upo wakati uliopo wa kihistoria, *Francesco nasce ad Assisi, poi va a Roma*, unaokubalika kabisa katika maandishi ya historia na ambao hauna umbo la kukariri upya.

Anayeandika au kutafsiri hadithi hana njia ya mkato. Remoto na imperfetto ndizo zana zake. Akumbuke tu kwamba wahusika wakifungua midomo hurudi kwenye prossimo: *«Ho visto tuo fratello», disse*. Msimulizi yuko upande mmoja wa alama za kunukuu, mhusika upande mwingine, na kila mmoja ana wakati wake.

Magazeti yana mchezo wao wa tatu: imperfetto mahali ambapo ungetarajia remoto. *Il 17 marzo 1861 nasceva il Regno d'Italia*. Ni mtindo wa kumbukumbu na makala. Uutambue, usiuige mapema.

Ipo pia *trapassato remoto*: *ebbe mangiato*, *fu uscito*. Huishi tu katika kishazi tegemezi cha wakati, baada ya *appena*, *quando*, *dopo che*, *finché*, na kishazi kikuu lazima kiwe remoto: *Appena ebbe mangiato, uscì*, "alipokwisha kula, akatoka". Wenyewe hulikwepa kwa *dopo aver mangiato, uscì*. Likwepe nawe.

Yanayochanganya macho

Alama ya mkazo ni sehemu ya neno. *Parlo* ni "ninazungumza", *parlò* ni "alizungumza". *Parti* ni "unaondoka" au "sehemu", *partì* ni "aliondoka". Kwenye simu, bonyeza herufi na kuishikilia hadi chaguo zitokee. *Fu* haina alama. *Fù* ni kosa. M mbili nazo hubeba maana: *parliamo* ni sasa, *parlammo* ni zamani, *fumo* ni moshi, *fummo* ni "tulikuwa".

*Chiese* ni "aliomba" na pia "makanisa". *Corsi* ni "nilikimbia" na pia "kozi". *Presi* ni "nilichukua", lakini *li ho presi* ni participio ya wingi. *Feci* ni "nilifanya" na ni kinyesi vilevile, jambo linaloburudisha kila darasa mara moja kwa mwaka. *Voi parlaste* hufanana na congiuntivo, umbo la kitenzi la dhana na masharti. *Se* ("kama") ikitangulia, kwa kawaida ni congiuntivo.

*Venne* mbele ya participio haimaanishi "alikuja". *Il Colosseo venne inaugurato nell'80 d.C.* ni kauli ya kutendwa, sawasawa na *fu inaugurato*: "lilizinduliwa".

Na *fu* mbele ya jina la mtu ni "marehemu". Katika daftari za zamani za Italia, za parokia au za serikali, *Giovanni di Pietro* ni Giovanni ambaye baba yake Pietro alikuwa hai siku ya kuandikwa, na *Giovanni fu Pietro* ni yule ambaye baba yake alikwisha kufa. Anayesoma daftari hizo akidhani *fu* ni "alikuwa" atampa mtoto jina la baba yake.